Sandukuni au Mtandaoni? Jinsi ya Kutunza Karatasi na Siri Zako

Watu wengi walipovuka mpaka hawakubeba mengi. Walibeba mtoto, sufuria, blanketi na bahasha ya karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, labda hati ya shamba. Wengine waliiacha bahasha nyumbani, na mpaka leo wanalazimika kujieleza upya katika kila ofisi. Kwa hiyo hatuna haja ya kukufundisha thamani ya karatasi. Unaijua.

Siku hizi bahasha hiyo imepata mwenzake, yaani simu. Ndani ya simu mna picha za vyeti, barua, majina ya ndugu na mazungumzo ya nyumbani. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Je, ni salama zaidi nitunze vitu hivi mwenyewe, hapa nilipo, au nivipeleke mtandaoni?" Somo la leo linajibu swali hilo.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

(a) kueleza tofauti kati ya kutunza taarifa karibu na kuzitunza mtandaoni;
(b) kupanga karatasi na picha zako katika mafungu matatu;
(c) kufunga simu na akaunti yako ili mtu mwingine asiingie;
(d) kuuliza maswali yanayofaa unapoombwa taarifa zako.

1. MAANA YA MANENO

Taarifa binafsi ni jambo lolote linaloweza kumfanya mtu akutambue au ajue habari zako: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya usajili, picha, alama za vidole, namba ya simu, ugonjwa, dini, kabila, na sababu iliyokufanya ukimbie.

Kutunza karibu ni kuweka taarifa mahali unapoweza kupafikia kwa mkono wako: sandukuni, katika simu yako, katika memori kadi au flashi.

Kutunza mtandaoni ni kutuma nakala kwa njia ya intaneti ili itunzwe na kampuni. Watu wa kompyuta hupaita mahali hapo "wingu". Jina hilo lisikudanganye. Hakuna kitu kinachoelea angani. Picha yako inakwenda katika kompyuta kubwa, ndani ya jengo, mara nyingi katika nchi nyingine. Ni kama kumpa mtu mwenye nyumba ya matofali akutunzie sanduku lako. Nyumba yake ni imara kuliko yako, lakini mwenye mlango ni yeye.

2. MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Chukua mfano wa majirani wawili wanaokaa mtaa mmoja. Si watu halisi, lakini yaliyowapata yanaweza kumpata yeyote kati yetu.

Jirani wa kwanza ni mama asiyeamini mtandao. Karatasi zake zote zimo katika sanduku chini ya kitanda, na picha zake zimo katika memori kadi ya simu. Husema, "Kilicho changu kinakaa kwangu." Siku moja ya kiangazi moto wa jikoni kwa jirani unashika nyasi za paa, na upepo unausukuma. Mama anawatoa watoto wote salama, lakini sanduku na simu vinabaki ndani. Baada ya saa moja hana cheti hata kimoja.

Jirani wa pili ni baba anayependa mambo mapya. Kijana wa kibanda cha simu alimfungulia akaunti, akamtungia neno la siri, akaiweka simu ipandishe kila picha mtandaoni yenyewe. Baba ana amani, kwa sababu hata simu ikiibiwa picha zipo. Lakini amesahau kwamba miongoni mwa picha hizo kuna maelezo yake ya kuomba hifadhi, yenye majina ya ndugu waliobaki nyumbani, na kuna majibu ya vipimo vya mke wake. Siku moja anagombana na yule kijana kwa sababu ya deni. Kijana anafungua akaunti ile katika simu yake mwenyewe. Neno la siri analijua, kwa sababu ndiye aliyelitunga. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mama alipata hasara kwa sababu vitu vyake vilipotea. Baba alipata hasara kwa sababu vitu vyake vilionekana. Hizi ni hatari mbili tofauti, na dawa ya moja huweza kuwa sumu ya nyingine. Ukizidisha nakala ili kitu kisipotee, umeongeza pia mahali kinapoweza kuonekana. Ukificha sana ili kisionekane, umekaribia kukipoteza.

3. MASWALI MAWILI YA KUJIULIZA

Kwa hiyo usiulize tu, "Sandukuni au mtandaoni?" Shika karatasi moja moja, au picha moja moja, ujiulize:

Swali la kwanza: Ikipotea, nitapata hasara gani?
Swali la pili: Ikionekana na mtu asiyenitakia mema, mimi au ndugu zangu tutadhurika vipi?

Majibu yako yatakupa mafungu matatu.

Fungu A: Ikipotea ni hasara kubwa, ikionekana si hatari kubwa. Hapa weka vyeti vya shule, vyeti vya mafunzo ya ufundi, picha za harusi na picha za wazazi waliofariki. Vitu hivi vinafaa kuwa na nakala nyingi, na mtandaoni panafaa.

Fungu B: Ikipotea ni hasara, na ikionekana ni hatari. Hapa weka kitambulisho, hati ya usajili, kadi ya chakula, cheti cha kuzaliwa na hati ya ardhi. Mtu mwenye picha ya karatasi hizi anaweza kujifanya wewe. Vitu hivi viwe na nakala chache, na kila nakala ifungwe.

Fungu C: Ikionekana ni hatari kubwa. Hapa weka maelezo yako ya kuomba hifadhi, majina na namba za simu za watu waliobaki nyumbani, majibu ya vipimo vya hospitali, habari za ukatili uliotendewa wewe au mtoto wako, na picha za majeraha. Vitu hivi vikae karibu, au katika faili la ofisi inayoshughulikia kesi yako, na visiachwe kupanda mtandaoni bila wewe kuamua.

Zingatia: Karatasi moja inaweza kuwa fungu A kwa jirani yako na fungu C kwako. Picha ya kanisani haina neno kwa mtu mmoja, lakini kwa mwingine inaonyesha wafuasi wa dhehebu linaloteswa kwao. Anayejua hatari yako ni wewe.

4. KWA NINI KUONEKANA KUNAWEZA KUWA HATARI

Baadhi ya wasomaji watasema, "Mimi ni mtu wa kawaida. Nani atanitafuta?" Tutoe mifano miwili.

Katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watu wa Rwanda walipewa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu. Zilikuwa karatasi za utawala, za kuhesabia na kupangia watu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo moja lililoandikwa kwenye kadi ndilo lililotazamwa katika vizuizi vya barabarani, na watu wengi waliuawa kwa ajili yake. Waliouawa walikuwa watu wa kawaida. Taarifa iliyoandikwa kwa kazi moja ilitumiwa kwa kazi nyingine, miaka 60 baadaye.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) ilitangaza kwamba watu wasiojulikana walikuwa wameingia kwa kificho katika kompyuta zilizotunza taarifa za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, maafa na uhamaji, watu waliopotea na jamaa zao, na watu waliofungwa. Taarifa hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. ICRC ililazimika kuzima kwa muda kompyuta za kazi ya kutafuta jamaa.

Hatuandiki haya ili uache kuwatafuta ndugu zako. Huduma hiyo imewakutanisha wazazi na watoto wengi, na ICRC yenyewe ndiyo iliyojitokeza kueleza kilichotokea. Tunaandika ili ujue kwamba hata mahali penye walinzi na wataalamu panaweza kuingiliwa. Kwa hiyo peleka kile kinachohitajika kwa kazi iliyopo, na usipeleke zaidi ya hapo.

5. KUTUNZA KARIBU

Faida yake: Hakihitaji bando wala umeme kila siku. Kampuni haiwezi kukisoma, na hakuna anayeweza kukifungua akiwa nchi nyingine.

Hatari yake: Moto, mvua, mchwa, panya, wizi na kuhama kwa ghafla. Tena, mtu aliye karibu nawe ndiye anayeweza kukifikia.

Fanya yafuatayo:

(a) Karatasi za asili. Ziweke katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, mdomo ukiwa umefungwa. Mfuko ukae mbali na jiko na karibu na mlango, mahali unapoweza kuushika hata gizani. Mwonyeshe mtu mzima mmoja wa nyumba yako mahali ulipo.

(b) Nakala. Piga nakala ya fungu A na B katika steshenari. Nakala isilale nyumba moja na asili. Mpe dada, shemeji au rafiki wa kuaminika anayekaa mbali kidogo, ili moto mmoja usichome zote mbili. Mbadilishane: wewe tunza zake, yeye atunze zako.

(c) Steshenari. Ukituma faili kwa WhatsApp au kwa flashi ili lichapwe, nakala hubaki katika kompyuta ya dukani. Usiondoke mpaka mwenye duka alifute mbele yako, kisha alifute tena katika kapu la takataka la kompyuta. Chukua pia karatasi iliyoharibika.

(d) Kufunga simu. Weka namba ya siri yenye tarakimu sita au zaidi. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala 1234. Kama watoto hucheza na simu yako, hamisha picha za fungu C zisikae pamoja na picha nyingine.

(e) Memori kadi. Watu wengi hudhani kwamba simu ikifungwa kadi nayo imefungwa. Sivyo. Kwa kawaida kadi ikitolewa na kuingizwa katika simu nyingine, picha zote husomeka. Usiweke fungu C katika memori kadi, isipokuwa simu yako ina uwezo wa kuifunga kadi hiyo kwa neno la siri na wewe umefanya hivyo.

(f) Fundi na kibanda cha kuchaji. Kabla ya kuiacha simu, toa laini na memori kadi, kisha izime. Fundi akihitaji namba ya siri ili aijaribu simu, baki pale mpaka amalize.

(g) Kuuza simu. Kufuta picha moja moja hakutoshi. Picha iliyofutwa hukaa kwanza wiki kadhaa katika sehemu ya vitu vilivyofutwa, na hata ikitoka hapo fundi mwenye ujuzi anaweza kuirudisha. Hamisha vitu vyako, toa akaunti zako zote, kisha rudisha simu katika hali iliyotoka kiwandani. Hilo hufanywa katika sehemu ya mipangilio.

6. KUTUNZA MTANDAONI

Faida yake: Nyumba ikiungua, simu ikiibiwa au ukihamishwa, nakala inakungoja. Unaweza kuifungua ukiwa mji mwingine au nchi nyingine, bila kubeba kitu.

Hatari yake ni nne.

Kwanza, mwenye mlango si wewe. Kampuni kubwa nyingi za kazi hii ziko Marekani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inasema kampuni za huko zikipewa amri halali ya kisheria zitoe taarifa zilizo mikononi mwao, hata kama kompyuta zenyewe ziko nchi nyingine. Kwa cheti chako cha shule jambo hili halina uzito. Kwa vitu vya fungu C, ujue kwamba uamuzi haumo mikononi mwako.

Pili, akaunti inaweza kufungwa au kufutwa. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na kazi hiyo ikaanza Desemba mwaka huohuo. Kadhalika, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine namba ile. Kama akaunti yako inategemea namba hiyo ili kukutambua, ujumbe wa kukufungulia mlango utaingia katika simu ya mtu usiyemjua.

Tatu, hata huko moto upo. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi zao. Baadhi ya waliotegemea jengo lile tu walipoteza vitu vyao moja kwa moja, kama yule mama wa sanduku.

Nne, simu huweza kupandisha vitu yenyewe. Simu nyingi zikiunganishwa na akaunti hutuma kila picha mtandaoni bila kukuuliza tena. Hapo ndipo fungu C linapotoka nje bila mwenyewe kujua.

Fanya yafuatayo:

(a) Fungua akaunti yako mwenyewe. Kama hujui, mtu akuelekeze, lakini neno la siri liandike kwa mkono wako yeye akiwa ametazama pembeni. Kama akaunti yako ilifunguliwa na mtu mwingine, badilisha neno la siri leo.

(b) Tunga neno la siri refu. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, hata ya lugha ya nyumbani, ambayo wewe utayakumbuka na mwingine hawezi kuyakisia. Usitumie jina la mtoto.

(c) Weka kufuli la pili. Akaunti nyingi zina nafasi ya kuomba namba nyingine baada ya neno la siri. Iwashe. Utapewa pia namba za akiba za kufungulia akaunti simu ikipotea. Zinakili katika karatasi, uziweke pamoja na karatasi zako za asili. Ukizitunza ndani ya simu hiyohiyo, zitapotea nayo.

(d) Zima kupandisha picha kwenyewe. Ingia katika mipangilio ya programu ya picha. Baada ya kuzima, chagua wewe mwenyewe picha za fungu A, na za B ukiona inafaa, uzipandishe kwa mkono.

(e) WhatsApp. Mazungumzo ya WhatsApp hugeuzwa fumbo njiani, ili asiyehusika asiweze kuyasoma. Lakini nakala ya akiba inayotumwa mtandaoni ni jambo jingine. Tangu mwaka 2021 kuna nafasi ya kuifunga nakala hiyo kwa neno la siri lako. Usipoiwasha, nakala hiyo haina kufuli lako. Ukiiwasha usilisahau neno hilo, kwa maana hakuna wa kukufungulia.

(f) Simu au kompyuta ya kuazima. Ukifungua akaunti katika simu ya rafiki au kompyuta ya darasani, hakikisha umeifunga na kutoka kabisa kabla ya kuondoka. Kufunga ukurasa tu si kutoka.

(g) Itembelee akaunti yako. Angalau mara moja kila miezi mitatu ifungue, angalia kama vitu vyako vipo, na kama namba ya simu iliyoandikwa humo bado ni yako.

7. JAMBO JINGINE LISIANDIKWE POPOTE

Kuna taarifa ambazo hazifai kuwekwa sandukuni wala mtandaoni. Mahali alipojificha ndugu yako, njia aliyopitia, jina la mtu aliyekusaidia kutoroka: haya yakae kichwani mwako. Usiyaandike katika ujumbe wa simu, wala usiyaseme kwa sauti ya kurekodi katika kundi la WhatsApp. Katika kundi la watu 200 huwezi kujua nani anasoma, wala nani ameazima simu ya nani.

Hata hivyo tusipindukie mpaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usimfiche daktari ugonjwa wako, wala usimfiche afisa anayesikiliza kesi yako habari inayohusu usalama wako. Kinachotakiwa ni kumwambia mtu anayehusika, katika chumba cha faragha, uso kwa uso. Kama mkalimani aliyeletwa ni mtu usiyekuwa na imani naye, una ruhusa ya kusema hivyo na kuomba mwingine.

8. UNAPOOMBWA TAARIFA ZAKO

Ofisi zinazotoa huduma kambini hukusanya taarifa, na baadhi huchukua alama za vidole au picha ya mboni ya jicho. Taarifa hizo zinasaidia mtu mmoja asipokee mgao wa mwingine. Lakini mwenye taarifa ni wewe. Mwaka 2015 UNHCR ilitoa mwongozo wa kulinda taarifa binafsi za watu inaowahudumia. Mwongozo huo ulitambua kwamba mtu ana haki ya kuelezwa, haki ya kuomba kuona taarifa zake, haki ya kuomba zisahihishwe au zifutwe, na haki ya kutoa pingamizi. Nchi jirani nazo zina sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya na Uganda zilitunga mwaka 2019, na Tanzania ilitunga mwaka 2022.

Kwa nini haki ya kuelezwa ina maana? Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za wakimbizi Warohingya walioandikishwa nchini Bangladesh zilifikishwa na serikali ya nchi hiyo kwa Myanmar, nchi waliyoikimbia. Baadhi ya wakimbizi waliohojiwa walisema hawakuelezwa jambo hilo. UNHCR ilijibu kwamba watu walikuwa wameelezwa na kuombwa ridhaa. Sisi tunajifunza hapa kwamba karatasi ya ridhaa isisainiwe kwa haraka, na anayeisoma asiharakishwe.

Kabla ya kutoa taarifa yako, uliza kwa heshima maswali manne:

(a) Mnaitaka kwa kazi gani?
(b) Mtaitunza wapi, na nani ataiona?
(c) Je, mtaipa ofisi nyingine au serikali yoyote?
(d) Nikikataa kutoa sehemu fulani, huduma yangu itaathirika vipi?

Afisa anayejua kazi yake hatakasirika. Asipojua jibu, mwombe aulize kwa mkubwa wake na kukurudishia jibu.

ONYO: Mtu akikuandikia katika simu kwamba jina lako limetoka kwenda Marekani, Kanada au Ulaya, na kwamba umtumie picha ya kitambulisho au fedha za fomu, usitume chochote. Huduma za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, ni za bure. Chukua ujumbe huo, uupeleke kwenye dawati la malalamiko au la ulinzi.

9. KAZI YA WIKI HII

Siku ya kwanza, toa karatasi zako zote, uzipange katika mafungu A, B na C. Siku ya pili, fanya hivyo kwa picha zilizo katika simu. Siku ya tatu, piga nakala na umpe mtu wako wa kuaminika. Siku ya nne, badilisha neno la siri na uzime kupandisha picha kwenyewe. Kama huna simu ya kisasa, kazi yako itaisha siku ya tatu, na utakuwa umefanya sehemu kubwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Dada yako anataka kupandisha mtandaoni cheti chake cha ualimu. Je, afanye hivyo?
2. Baba ameweka majibu yake ya vipimo katika memori kadi na kuifunga simu kwa namba ya siri. Je, yako salama?
3. Mzee ana nakala mbili za hati ya ardhi, zote katika sanduku lake. Kosa liko wapi?

MAJIBU

1. Ndiyo. Cheti hicho ni fungu A. Lakini abaki pia na asili na nakala nyingine ya karatasi, na akaunti iwe yake mwenyewe.
2. Hapana. Kadi ikitolewa husomeka katika simu nyingine. Aihamishe picha hiyo, aifute katika kadi, na kadi asimwachie mtu.
3. Nakala na asili vimelala nyumba moja. Moto mmoja utachukua zote.

Ndugu msomaji, sanduku lina kazi yake na mtandao una kazi yake. Usiuachie mmoja kila kitu, na usimwachie mtu mwingine uamuzi huo. Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii. Kama jirani hajui kusoma, kaa naye umsomee, na mpange karatasi zake pamoja, ila za fungu C azishike mwenyewe.